Mwaka wa Gurudumu Moja

Tulipomzika mama yake Mwende, kule kwao Kitui, wanawake wa kijiji hawakuniuliza jina. Nilikuwa nimesafiri na Mwende kutoka Ukunda, nimejifunga leso zangu mbili, magoti yananiuma kwa kukaa garini siku nzima, na nilipokuwa nikisaidia kuchambua ndengu chini ya turubai mmoja wao alinitazama kwa muda, akasema, "Wewe ndiwe yule wa gurudumu." Wenzake wakageuka. Walijua kila kitu: matope, kilima, suruali niliyoishona upya. Walijua hata mambo ambayo hayakutokea, kwamba niliwashinda wanaume wote na kwamba nilikutana na ndovu njiani. Marehemu alikuwa akiwasimulia miaka yote hiyo, wakati wa kupalilia na wakati wa kupura, na kila aliposimulia alinipandisha daraja kidogo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeacha kuyazungumza. Mwanamke wa umri wangu anayeshona sare za shule hana wa kumwambia kwamba aliwahi kushindana porini na watu wa baiskeli za milimani, yeye akiwa juu ya gurudumu moja. Wanangu wakisikia hucheka kwa adabu, halafu hubadilisha mazungumzo. Lakini njiani tukirudi pwani, Mwende akiwa amelala begani kwangu, macho yake yamevimba kwa kulia, nilijikuta nikiurudia mwaka ule chumba kwa chumba, sahani kwa sahani.

Ulikuwa mwaka uliofuata vurugu za Likoni, watu wa bara walipopigwa na kufukuzwa pwani. Wageni walikuwa wameacha kuja, na hoteli za Diani zilikuwa zimebaki na mabwawa ya kuogelea yasiyo na mtu na bustani zinazomwagiliwa kwa mazoea tu. Mimi nilikuwa nafanya kazi katika chumba cha mashuka cha hoteli moja, nikishona yaliyochanika. Kwa kuwa hapakuwa na wa kuyalalia, hayakuchanika, na siku nyingi niliambiwa nirudi nyumbani kabla ya adhuhuri. Mwende alikuwa mwanasarakasi. Kundi lao lilikuwa likicheza kila jioni kando ya bwawa, wakipandana mabegani kama mnara, na yeye, kwa kuwa alikuwa mwepesi, alikaa juu kabisa. Siku moja mnara uliporomoka, goti lake likageuka vibaya. Alipopona, kundi lilikuwa limeshasambaa. Wengi walikuwa watu wa bara, na baada ya vurugu walirudi makwao. Wakamwachia baiskeli yao ya gurudumu moja, kwa sababu hapana aliyetaka kubishana na makanga wa basi kuhusu mahali pa kuiweka.

Tulikuwa tumepanga chumba kimoja nyumbani kwa Bi Mejumaa, upande wa Ukunda unaoelekea Bongwe. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya kawaida, ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, na uani jiko na birika la maji. Chumbani mwetu mlikuwa na kitanda kimoja kipana, cherehani yangu chini ya dirisha, na kamba iliyotoka pembe hadi pembe ambapo buibui langu na fulana zake za sarakasi zenye kumetameta zilining'inia pamoja. Jumapili alivaa gauni lake la kanisani mbele ya kioo changu. Mwezi wa Ramadhani aliamka nami kula daku, ingawa hakuwa akifunga, kwa kuwa alisema hawezi kumsikiliza mtu akitafuna peke yake gizani. Tulipika kwa zamu. Siku zangu ilikuwa wali wa nazi na mchicha, au mbaazi na mahamri ya Bi Mejumaa. Siku zake ilikuwa mahindi na maharagwe yaliyochemka hadi sufuria ikachoka, naye alikula kwa kufumba macho, na mimi nilikula kwa kumpenda yeye.

Gurudumu lilikuwa limeegemezwa nyuma ya mlango, na pengine lingebaki hapo hadi leo kama mvua isingetufungia ndani. Mvua ya mwaka ule haikujua kukoma. Alasiri moja, kwa kuchoka kutazama maji, nililitoa nikajaribu kulipanda. Ukumbi wa Bi Mejumaa ulikuwa mwembamba, mtu akinyosha mikono anagusa kuta zote mbili, na kwa kujifunza kitu kile hapakuwa na mahali bora pwani nzima. Mwende alikaa mwisho wa ukumbi juu ya mbuzi, akikuna nazi, goti lake bovu amelinyosha, akanifundisha bila kuinuka.

"Usiangalie gurudumu," alisema. "Gurudumu linajua liko wapi. Wewe angalia mahali unaenda."

"Nikiangalia huko naanguka."

"Anguka basi. Lakini anguka ukiangalia mbele."

Alipojisahau alisema kwa Kikamba, "Sisya mbee," yaani tazama mbele, na mimi nikayazoea maneno yale kabla sijajua lolote jingine la lugha yake. Gurudumu moja halina usukani wala breki. Pedeli zimeshikana na gurudumu lenyewe, likizunguka zinazunguka, ukisimamisha miguu umeshuka, tena kwa aibu. Unalielekeza kwa kiuno na unalizuia kwa mapaja. Niliuchafua ukuta kwa viganja vyangu hadi Bi Mejumaa akatoka chumbani kwake, akasimama, mikono kiunoni.

"Mwanatumu," alisema, jina langu lote, "ukuta huu nimeupaka chokaa Rajabu hii."

"Nitaupaka tena, mama."

"Utaupaka. Lakini kwanza nionyeshe umefika wapi."

Nikamwonyesha. Nilitoka mlango wa mbele hadi kwenye mbuzi bila kugusa kitu, na Mwende akainua mikono yake yenye machicha ya nazi kunidaka. Bi Mejumaa alisema, "Haya," akarudi ndani, na kwa mtu kama yeye hayo yalikuwa maneno mengi.

Nikiyatazama hayo sasa, naona kilichonivutia. Mimi ni mfupi. Maisha yangu yote nimetazama migongo ya watu. Juu ya gurudumu lile, nilipolipeleka nje mvua ilipopungua, niliona juu ya ua wa michongoma, nikaona mashamba ya watu hadi Bongwe, minazi na mihogo, na njia nyembamba zikikatana katikati. Zilikuwa njia mbaya, za mizizi, mchanga na madimbwi, na nilizipenda. Fundi mmoja wa baiskeli pale Ukunda alitupanulia uma unaoshika gurudumu, akatuwekea tairi pana lenye meno. Kila niliporudishwa mapema kutoka kazini nilipitia huko, buibui nimelikunja kwenye mfuko, suruali ndani, na Mwende akinifuata kwa kuchechemea mpaka mahali goti lake lilipokubali.

Watu walisema, bila shaka. Lakini waliosema sana hawakuwa wakinisema mimi. Alasiri moja tulikuwa tumejilaza, dirisha wazi, na uani shemeji yake Bi Mejumaa alikuwa amekuja kunywa kahawa. Sauti yake ilikuja wazi kama yumo chumbani.

"Bado unamuweka yule wa bara?"

"Nani? Mwende?"

"Watu wanasema, shemeji."

"Wanasema nini?"

"Wanasema tu."

"Basi wakimaliza kusema, waje. Kahawa ipo."

Nilimgeukia Mwende. Alikuwa macho, anatazama boriti za dari. Nikaushika mkono wake. Akasema, "Kule kwenye mchanga unaegemea nyuma sana," na nikajua hataki tulizungumze lile.

Mashindano yaliletwa na mkuu wa burudani wa hoteli yetu, kijana wa Nairobi ambaye sote tulimwita Bwana Burudani. Hoteli kadhaa ziliungana kuandaa mbio za baiskeli za milimani huko Kwale, juu, kuanzia uwanja wa mpira, kuteremka kwa njia za mashamba za Mkongani na kurudi kwa kilima kingine, ili wageni wachache waliokuwepo wapate kitu cha kutazama na magazeti yapate picha. Alimjia Mwende akitaka apande gurudumu amevaa kama mchekeshaji. Mwende akamwambia goti halimruhusu, lakini mwenzake yupo. Bwana Burudani alinitazama mara moja, akanipa suruali pana ya madoadoa.

"Sikiza Tumu, hii ni shoo tu," alisema. "Wakitoka, wewe toka nao. Enda mpaka kona ya kwanza, watu wapige picha, halafu pikapu itakubeba. Sawa?"

"Na nikitaka kuendelea?"

Alicheka, si kwa ubaya. "Kuendelea wapi? Huko ni porini."

Nilikwenda nayo nyumbani ile suruali, nikaifumua, nikaipunguza miguuni isije ikanaswa na pedeli, nikaongeza kipande magotini. Madoadoa yalibaki. Mwende alikaa kitandani akinitazama nikishona. Ndipo akauliza, "Unataka kumaliza, si ndiyo?" Nikasema ndiyo. Sikuwa na sababu ya kumpa. Nilijua tu kwamba mwaka ule wote nilikuwa nikiambiwa nirudi nyumbani mapema, na kona ile ilifanana na hilo.

Siku mbili kabla ya mbio, mama yake Mwende akatokea. Tulisikia hodi ya mtu asiyezoea kupiga hodi. Alikuwa mrefu, mkavu, amevaa raba na kofia ya sufu, mgongoni kiondo kimening'inia kwa ukanda uliopita kichwani. Nilimpa shikamoo, akanijibu kwa kunitikisa mkono kwa nguvu. Bi Mejumaa alitoka uani akijifuta mikono.

"Karibu dada, karibu ndani. Pole na safari."

"Asante. Mimi sikai. Nimekuja kuchukua mtoto yangu."

"Utamchukua," Bi Mejumaa alisema. "Kaa kwanza, unywe maji."

Alikaa kwenye ncha ya mkeka, kiondo mapajani. Mwende alitoka chumbani, akasimama mlangoni, akasema, "Mwaitu," mama yangu, kisha wakazungumza Kikamba kwa muda mrefu, mama kwa sauti ya chini, binti kwa sauti ya chini zaidi. Niliambulia neno Likoni mara kadhaa. Mwishowe Mwende alituambia kwamba mama amekubali kungoja hadi Jumamosi jioni. Usiku huo Bi Mejumaa alimwachia mgeni kitanda chake, akalala mkekani, na asubuhi wanawake wale wawili, wote wajane, wote wakiwa na desturi ya kuamka kabla ya jogoo, walikutana jikoni na hawakuelewana juu ya ndengu. Mgeni alikuwa ameleta kiondo kizima cha ndengu. Alitaka zipikwe kwa kitunguu na mafuta. Bi Mejumaa, ambaye aliziita pojo, alishakuna nazi.

"Nazi inaficha utamu yake," mama Mwende alisema.

"Haifichi. Inautoa."

Zilipikwa sufuria mbili. Tulikula za huku na za kule kwenye sahani moja, mimi na Mwende, bila kuthubutu kusema ipi ni bora, na mchana huo mama yake aliingia chumbani mwetu akaanza kuzikunja zile fulana za kumetameta, moja baada ya nyingine, akiziweka kiondoni kwa uangalifu kana kwamba zingeweza kuvunjika.

Jumamosi tulipanda Kwale sote wanne. Ilikuwa imenyesha hadi alfajiri, na udongo wa kule juu ni mwekundu, unashika kama unga wa mahamri uliokandwa. Wanaume walikuwa na baiskeli za gia nyingi, baadhi wamekuja kutoka Mombasa, wengine vijana wa Kinango na Ukunda na baiskeli walizozitengeneza wenyewe. Nilipotokea na suruali ya madoadoa watu walicheka na wageni wakapiga picha, na mimi nilicheka nao, kwa kuwa kweli nilichekesha. Filimbi ikalia. Wote wakaondoka, nikabaki nyuma yao nikipunga mikono kujizuia nisianguke. Pikapu ilikuwa pale konani, dereva ameshuka, amefungua mlango. Nikampungia mkono. Nikapita.

Mteremko wa Mkongani ndio ulionivunja miguu. Juu ya baiskeli mtu huacha kukanyaga akateleza, mimi ilinibidi nilizuie gurudumu kila mzunguko, na mapaja yaliwaka moto. Nilianguka kwenye mfereji, nikaamka. Nilianguka tena kwenye shamba la mihogo, na mama mmoja aliyekuwa akilima alinipa maji katika kata, akanisubiri ninywe, kisha akauliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, gurudumu jingine umeliacha wapi?" Nilimwambia nilianza nalo hilo moja. Alisema, "Maskini," akanisaidia kupanda, nimeshika bega lake.

Baada ya hapo palikuwa na bonde, na bondeni matope, na kwenye matope niliwakuta. Udongo ulikuwa umejaa kwenye gia zao na breki zao, cheni hazizunguki, wanaume wazima wameinama wanachokoa kwa vijiti, wengine wamebeba baiskeli mabegani. Gurudumu langu halikuwa na cheni wala breki, wala kitu chochote cha kuziba. Lilikwenda polepole, linateleza, lakini lilikwenda. Kijana mmoja wa Kinango aliinua kichwa, uso wote umepakaa tope.

"Dada," alisema, "kumbe wewe ndiye uliyefikiria."

Nikampita. Nilikuwa natazama mbele.

Kilima cha mwisho nusura kinishinde. Miguu ilikuwa imekwisha, gurudumu likawa linasimama, linarudi, linasimama. Mwende alikuwa ameniambia atanisubiri hapo, na kweli alikuwa hapo, lakini na goti lake kwenye utelezi ule hangeweza kunifuata hatua mbili. Akaita, "Sisya mbee, Tumu." Ndipo nikaona mtu akitoka kando yake. Mama yake, aliyekuwa hajaniambia maneno kumi tangu afike, alikuwa amekunja leso yake hadi magotini na anakimbia. Alikuja sambamba nami, raba zake zinazama kwenye tope, kofia imemwangukia usoni, anahema, anarudia maneno yale yale ya binti yake, sisya mbee, sisya mbee, mkono wake umeunyosha nyuma ya mgongo wangu bila kunigusa. Tulipanda hivyo hadi juu.

Uwanjani wageni walikuwa wameshakwenda kula, na hema lilikuwa linakunjwa. Mshindi alishapewa zawadi yake akaondoka. Bi Mejumaa alikuwa amekaa peke yake kwenye benchi la mbao, ameshika mwavuli juu ya kichwa chake, na aliponiona aliufunga, akasimama. Alinifuta uso kwa ncha ya leso yake, kwa nguvu, kama anavyofutwa mtoto. Nyuma yangu bado watu walikuwa wanafika, mmoja mmoja, baiskeli mabegani. Bwana Burudani alikuja, akanitazama na ile suruali, akasema, "Si nilikuambia konani?" Kisha akatabasamu, akatuitia pikapu itupeleke hadi Ukunda. Mashindano mengine yalifuata mwaka ule, ya Kinango kwenye miiba na ya Msambweni kwenye mchanga, na huko sikuambiwa nishuke mahali popote. Mwende naye alipewa kazi ya kuwafundisha sarakasi watoto wa wageni, wageni walipoanza kurudi. Lakini Jumamosi ile hapana aliyejua hayo.

Jioni wanawake wale wawili walikaa uani wakichambua mchele kwenye ungo mmoja. Mimi nilikuwa nimelowesha miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, mlango wazi, na nilisikia yote.

"Huku watu walipigwa," mama Mwende alisema. "Niliambiwa."

"Walipigwa," Bi Mejumaa alisema. "Siwezi kukwambia kwamba haikuwa."

"Sasa mtoto yangu anakaa aje?"

Ungo ukatikiswa. Bi Mejumaa alitoa kijiwe kimoja, akakitupa. "Zile siku zenyewe, alikaa chumbani kwangu. Mlango niliufunga mimi, na ufunguo niliuvaa shingoni. Walikuja, wakauliza kama kuna mtu wa bara. Niliwaambia humu ndani nimo mimi na wanangu."

Mwende hakuwahi kumwambia mama yake, asije akaogopa. Nilisikia mchele ukianza tena kuchambuliwa, taratibu, punje kwa punje, kisha mama Mwende akauliza kama nazi ya wali hutiwa mwanzo au mwisho.

Asubuhi tulimsindikiza hadi stendi. Kiondo chake kilikuwa chepesi. Fulana za kumetameta zilikuwa zimerudi kwenye kamba na sikuwa nimemwona aliyezirudisha. Basi lilipowashwa aliushika mkono wa Mwende, akauweka ndani ya mkono wa Bi Mejumaa, akaifunika yote miwili kwa wake.

"Nimekuachia," alisema.

Bi Mejumaa aliikaza mikono ile.

"Nimepokea," akasema.